Kapteni Augustino Hafi

Mume wangu Januari ni mtu mfupi, mpole, anayepiga shati pasi hata kama anakwenda kutupa taka tu. Mpaka mwaka jana ungemkuta asubuhi kwenye treni ya kutoka Hagsätra, huku Stockholm, mkoba mweusi mapajani na kitambulisho shingoni, ungedhani ni mweka hazina wa usharika. Usingejua kwamba mtu huyu aliwahi kuwaliza watu themanini kwa mpigo katika kibanda cha video pale Makorora, Tanga, akiwa na miaka ishirini na minne na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Alikuwa mtafsiri wa filamu. Kwa watoto wa siku hizi niieleze kazi hiyo: inaletwa filamu ya Kichina, ya Kihindi, ya Kizungu, watazamaji hawajui hata neno, basi mtafsiri anakaa pembeni ya televisheni na kuyasema yote kwa Kiswahili, sauti ya mzee, ya mtoto, ya mwanamke, hata ya farasi. Januari alisifiwa kuliko wenzake wote wa mji ule. Wala hakujua hata lugha moja kati ya hizo alizokuwa anatafsiri.

Filamu iliyompa jina ilikuwa ya vita vikuu vya pili, ya jasusi aliyejipenyeza katikati ya Wanazi. Kanda yake iliachwa na mhandisi mmoja wa kiwanda cha mbao alipokuwa anarudi kwao Ulaya. Jasusi alivaa magwanda ya Kijerumani, na kazi aliyojificha ndani yake ilikuwa ukalimani: mateka akiletwa kuhojiwa, yeye ndiye anasimama kati ya mateka na ofisa. Januari aliyajua hayo kwa kutazama midomo na vidole tu. Akambatiza jasusi jina la Kapteni Augustino, akampa mchumba Lushoto na mama mgonjwa Pangani. Mateka akitoa siri kwa uoga, Kapteni anaigeuza papo hapo, ofisa anaandika uongo kwa mwandiko mzuri kabisa, na kibanda kizima kinapiga makofi.

Tabu ilikuwa mwishoni. Watu wa kwetu wanajua jambo moja kuhusu filamu: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini hafi. Na katika kanda ile steringi alikuwa anakufa. Januari aligundua hivyo mchana mmoja alipokuwa anaifanyia mazoezi na rafiki yake Khalfan, fundi wa jenereta la kibanda, mtu wa Muheza mwenye mwanya na asiyejua kununa. Wakatazamana.

"Tukiwaonesha hii," Khalfan akasema, "hakuna benchi litakalobaki zima."

Wakapanga mpango wao. Dakika kama sita kabla ya mwisho, Januari anakohoa kwenye kipaza sauti, mara mbili, kikohozi chepesi cha mtu aliyepaliwa na vumbi. Khalfan, nyuma ya ukuta, anazima jenereta. Watu wanapiga kelele, na ndani ya giza Januari anainuka na kuimalizia filamu kwa mdomo wake mwenyewe: Kapteni Augustino anaruka ukuta, anavuka mto, anafika mpakani, mama yake kapona. Mimi nilikuwa benchi la wanawake na kifuko cha karanga, nikamsikia akimvusha yule Kapteni mpaka machozi yakanitoka. Siku ile ndiyo niliyompenda, na niseme ukweli wangu, niliupenda uongo. Siri ya kikohozi alinieleza tukiwa tumeshaoana. Nilinuna siku mbili. Jasusi alikufaje, sikumwuliza, maana sikutaka kujua.

Januari alikuja Stockholm mwaka elfu mbili na moja kwa kozi ya utangazaji, nikamfuata, tukapata mtoto wa kiume tukamwita Augustino, ndiyo, kwa jina la jasusi; mpaka leo ukimwita kwa Kiswahili anakuitikia kwa Kiswidi. Mimi nikaingia jikoni kwenye shule moja na sijatoka. Januari alifagia, akagawa magazeti, akasoma, akafanya mtihani wa serikali wa ukalimani, akafaulu. Mahakamani, hospitalini, uhamiaji, kote aliitwa. Wakongo, Warundi, Wakenya, wote walipita kinywani mwake.

Kila kikao alikianza kwa maneno yale yale, amekaa wima: "Mimi ni mkalimani. Nitatafsiri yote yatakayosemwa humu. Siongezi, sipunguzi, na nikitoka nayaacha humu humu." Nilikuwa namtania: wewe uliyempa jasusi wa watu mchumba Lushoto, leo huongezi hata chumvi? Anacheka kidogo, basi. Aliiheshimu kazi ile mpaka ikawa inanikera. Miaka kumi na saba hakuwahi kuniambia mezani ametafsiri nini kwa nani.

Khalfan alikuja baadaye, akimfuata mkewe Ruqaya, mwalimu wa chekechea, wakapanga nyumba Jakobsberg, nje kidogo ya mji. Yeye akasafisha mabasi gereji. Kiswidi chake kilikuwa cha ndoo na brashi, na alisema kinamtosha, mabasi hayana maneno mengi. Akija kwetu Jumapili alianzia mlangoni: "Shemeji Adelina, Kapteni keshavuka mpaka?" Nami namjibu, "Keshavuka, ingia ule."

Alichokitaka kilikuwa kimoja na tulikijua wote: kumwona mama yake. Bi mkubwa alikuwa Muheza, miaka themanini na saba, na Khalfan hakuwa amekanyaga kwao kwa miaka tisa, mara ruhusa ya kazini, mara makaratasi, mara ugonjwa ule uliofunga dunia. Mwaka jana hatimaye tiketi ikapatikana, ndege ya katikati ya Novemba. Mama yake akapakisha chumba chokaa, akanunua godoro, akawa anamsimulia kila apitaye barazani. Oktoba, macho ya Khalfan yakageuka manjano.

Hospitalini hawakubali mke amtafsirie mumewe, hata awe anajua Kiswidi kama Ruqaya. Kwanza wakampa mkalimani wa simu, Mkongo mmoja anaitwa Sébastien, mtu mwema, ila Kiswahili chake kimechovywa Kifaransa. Khalfan alirudi anatuuliza: "Nimeambiwa foie yangu ina mambo. Foie ni nini, shemeji? Hivi kweli ninayo?" Tulicheka sana. Januari ndiye aliyenyamaza kwanza, kwa sababu yeye alijua kuwa ni ini.

Khalfan akaomba aletewe Januari. Kwa taratibu za kazi ile, mkalimani hamtafsirii mtu wake. Ofisi iliyokuwa inampangia kazi ikamwuliza kama anamfahamu mgonjwa. Akajibu, "Kidogo." Mtu waliyedanganya naye Tanga nzima, eti kidogo.

Yanayofuata niliyajua baadaye, nikayajua yote siku moja. Ruqaya alimvuta Januari ukumbini kabla hawajaingia. "Shemeji," akamwambia, "mimi nimeshaona sura za hawa watu. Likitoka neno baya, lisifike kwa Khalfan. Unajua kwetu, mgonjwa haambiwi. Akiambiwa anakata tamaa, na akikata tamaa ndiyo basi." Simlaumu. Baba yangu mwenyewe tulimficha mpaka siku ya mwisho, na tulijiona watoto wema. Kwetu habari ya namna hiyo inabebwa na walio wazima. Huku daktari anamtazama mgonjwa machoni na kumkabidhi mwenyewe, kama barua yake.

Daktari, mwanamke wa makamo, alivuta kiti akakaa usawa wa Khalfan. Januari akasema maneno yake ya kuanzia, siongezi, sipunguzi. Kisha daktari akasema: ni saratani, imetoka kwenye ini imeenea, hakuna dawa ya kuiondoa. Nazungumzia miezi michache, pengine wiki. Nimeona una safari ya kwenda kwa mama yako. Kama una mtu wa kumwona, nenda sasa. Wiki tatu hizi una nguvu ya kupanda ndege, baada ya hapo hutakuwa nayo.

Januari akatafsiri: "Ini lina uvimbe. Kuna dawa utapewa, itachukua muda. Safari isubiri mpaka Februari, ukishapata nguvu."

La Februari hakuwa amelipanga. Lakini mtu mzima ukimwambia nenda sasa, atakuuliza kwa nini sasa, na hapo huna pa kutokea. Ruqaya alikuwa anatazama viatu vyake. Khalfan alimwangalia Januari kwa muda mrefu, akasema, "Mwambie nashukuru. Mwambie nimeelewa." Daktari akauliza tena, ameelewa kweli? Safari hii Khalfan akamjibu mwenyewe, kwa Kiswidi chake cha gereji, kwamba ameelewa vizuri.

Tiketi ikasogezwa. Nilikuwepo siku alipompigia mama yake. "Februari, mama. Daktari ndiye kasema. Godoro lisubiri tu." Nikasikia bi mkubwa anacheka upande wa pili, anasema godoro haliozi.

Nyumbani kwangu Januari akawa hali chakula. Alipiga pasi shati moja mara mbili. Nikimwuliza, ananiambia kazi. Mimi nilikuwa nakwenda Jakobsberg na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, nikirudi namweleza kwamba Khalfan kapungua, miguu imevimba, naye anaingia bafuni na kufungulia maji. Nilidhani ni huzuni ya rafiki tu. Mwisho wa Novemba akashindwa. Alimfuata Ruqaya akamwambia tumpeleke, hata kesho. Ruqaya akalia, akakubali, wakaenda wawili kwa daktari. Daktari akasema sasa haiwezekani, hatafika, hakuna rubani atakayempokea. Kisha akawatazama kwa mshangao.

"Mimi nilidhani amechagua kubaki," akasema.

Tarehe kumi na tatu Desemba, siku ya Mtakatifu Lusia wanayoisherehekea huku, tulikwenda wodini mapema, mimi na Januari na Ruqaya. Mabinti wa shule walikuwa wanapita ukumbini na kanzu nyeupe na mishumaa, wanaimba. Khalfan alikuwa amebaki mifupa na ule mwanya. "Shemeji," akaniambia, "hawa ni wanafunzi au ndiyo nimeshafika?" Nikamwambia ni wanafunzi, tulia. Akacheka bila sauti. Halafu akamgeukia Januari.

"Nitafsirie ile ya Kapteni."

"Kanda iko wapi?"

"Kanda ya nini? Kwani ulikuwa unaitazama?"

Januari akasogeza kiti. Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa miaka karibu thelathini, nikadhani imekufa, kumbe ilikuwepo. "Haya sasa ndugu mtazamaji, tulia kwenye benchi lako, mambo yameiva! Huyu hapa Kapteni Augustino, kofia ya Wanazi kichwani, lakini moyo uko Pangani kwa mama! Mwone ofisa anavyomsogelea, mwone sharubu zake, kama kondakta wa pale stendi ya Muheza..." Manesi wawili walisimama mlangoni kusikiliza, hawaelewi neno, wanatabasamu. Ruqaya alikuwa anacheka na kulia. Mateka walipita wote, wa kwanza, wa pili, yule wa mguu mmoja. Khalfan alikuwa amefumba macho, midomo yake inatangulia maneno.

"Asubuhi hiyo," Januari akasema, "ofisa akamwita Kapteni uwanjani. Mateka wamepangwa ukutani. Ofisa akampa karatasi. Kapteni akaifungua..."

Akakwama. Ndipo palipokuwa pake pa siku zote, dakika zile sita. Angeweza kumrukisha ukuta kama zamani, nani angemkataza? Lakini alikuwa anamtazama rafiki yake na neno halitoki, si la kweli wala la uongo.

Khalfan akakohoa. Mara mbili. Kikohozi cha ugonjwa wake nilikuwa nimekizoea, kilitoka mbali na kilimkunja. Hiki kilikuwa chepesi, cha kooni, cha makusudi.

Januari akafunika uso.

"Siku ile kwa daktari ulikohoa," Khalfan akasema. Alisema polepole, akipumzika katikati. "Kabla hujanitafsiria. Mara mbili, vile vile. Nikajua huko mwishoni kumeharibika. Nikazima."

"Khalfan, kwa nini hukusema?"

"Niseme mbele ya yule daktari? Wangekunyang'anya kazi. Na Ruqaya anatetemeka pale. Nikaona mmeshakubaliana, niwaache." Mabinti walikuwa wamefika wodi ya jirani. Khalfan akafumbua macho, akauliza, na alikuwa anauliza kweli, kwa sababu hilo hakulijua: "Na la Februari, Januari? Nalo lilikuwa lako?"

Ruqaya akashika chuma cha kitanda. Khalfan alitazama nyuso zetu moja moja, na ya kwangu pia, mimi niliyekuwa sijui kitu mpaka dakika ile. Akageuza uso dirishani. Kama angekasirika ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Aa," kama mtu aliyekumbushwa kitu alichokisahau dukani, na hakusema tena neno lenye urefu. Alifariki siku tatu baadaye, mchana, Ruqaya akiwa amemshika mkono.

Tulimzika huku huku, upande wa Waislamu, ardhi imeganda mpaka wakaileta mashine. Kwenye treni ya kurudi Hagsätra Januari ndipo aliponieleza yote, ukumbi, viatu vya Ruqaya, maneno ya daktari moja baada ya jingine, naye hajawahi kunitolea siri ya kazi. Nilimkasirikia, nisifiche. Nilimkasirikia yeye, na Ruqaya, na baba yangu tuliyemficha, na mimi niliyependa mtu gizani kwa sababu anadanganya vizuri. Baadaye nikamwuliza: "Kapteni alikufaje?"

Akanieleza. Ile karatasi ilikuwa hukumu ya mateka, na ofisa anamtaka awasomee kwa lugha yao. Kapteni anayasoma majina, la kwanza, la pili, anafika la mwisho anakuta ni lake. Wameshamjua. Ofisa anatabasamu, anamwashiria aendelee. Naye, aliyegeuza kila neno tangu filamu ianze, hilo hakuligeuza. Alilisoma jina lake, akaisoma hukumu mpaka nukta, kwa sauti ile ile, kisha akakunja karatasi na kwenda kusimama ukutani na wenzake.

"Kumbe ni nzuri," nikamwambia.

"Ni nzuri," akasema. "Mimi ndiye sikuiweza."

Wiki ile ile aliandika barua mwenyewe, akaeleza alichokifanya, akarudisha kitambulisho. Hakuna aliyekuwa amemshtaki. Sasa anagawa magazeti tena, kazi yake ya zamani, na shati bado analipiga pasi.

Jumamosi baada ya barua ile, mchana, simu ikaita, namba ya Muheza. Alikuwa bi mkubwa. Siku za msiba alikuwa amempigia Ruqaya, Ruqaya akalia tu. Januari akaweka simu mezani, sauti wazi, mimi nikiwa nakata mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nataka nikuulize wewe, maana nimeambiwa ulikuwepo, na kazi yako ndiyo hiyo." Sauti yake ilikuwa imara kuliko yetu. "Daktari alimwambia nini mwanangu?"

Nikaacha kisu. Nilimtazama Januari kooni. Nilikuwa nasubiri kikohozi, na Mungu anisamehe, nilikuwa nakiombea. Bibi wa miaka themanini na saba, wa nini kumpa mzigo kama ule?

Januari akainuka, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasimama wima mbele ya simu ile kama mbele ya jaji.

"Mama, mimi ni mkalimani," akasema. "Nitatafsiri yote yaliyosemwa. Siongezi, sipunguzi." Akavuta pumzi. "Daktari alisema: ni saratani, imetoka kwenye ini imeenea, hakuna dawa ya kuiondoa. Alisema: nazungumzia miezi michache, pengine wiki. Alisema: nimeona una safari ya kwenda kwa mama yako. Kama una mtu wa kumwona, nenda sasa. Wiki tatu hizi una nguvu ya kupanda ndege, baada ya hapo hutakuwa nayo." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilibaki pale pale. "Hayo hayakumfikia, mama. Mimi ndiye niliyemtafsiria. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri Februari."

Upande wa pili tulisikia kuku, tulisikia mtoto akiitwa mbali.

"Kwa hiyo ningemwona," bi mkubwa akasema.

"Ndiyo, mama," Januari akasema. "Ungemwona."